Mizani ya Pili

Katika ghala la chama kimoja cha msingi cha ushirika, wilayani Chato, mama mmoja mkulima wa pamba aliwahi kuniuliza swali ambalo hakuna mhandisi aliyewahi kuniuliza. Alikuwa ameketi juu ya furushi lake akingoja zamu, daftari la shule mkononi, kalamu ameichomeka kwenye kilemba. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia, akanijulia hali ya nyumbani na ya safari, akataka kujua mimi ni mtoto wa nani. Hayo yote yalipokwisha ndipo aliposema, "Mwanangu, hii mashine yenu haijafundishwa kusoma kinachokaa baada ya nukta?"

Nilicheka, nikidhani ni utani wa ghalani. Nikamjibu kwamba mashine imefundishwa vizuri, na kwamba usiku uliotangulia tu tulikuwa tumeipitisha katika majaribio zaidi ya mia mbili, yote yakafaulu. Naye akacheka kidogo, kwa adabu, akafunga daftari lake. Insha hii nimeiandika kwa sababu ya kicheko kile changu.

Wengi wenu mnanifahamu kwa tarbia zangu, na wachache kwa ubishi wangu kuhusu ngeli. Kazi inayonipa ugali ni nyingine. Mimi ni mjaribu wa programu za kompyuta, hasa programu za biashara: za kununua na kuuza, za kulipa mishahara, za kutunza hesabu za vyama. Mwandishi wa programu anapodhani amemaliza kazi, mimi ndiye ninayeanza kutafuta mahali itakapoanguka. Zamani tuliifanya kazi hii kwa mikono, tukibonyeza kila kitufe na kuandika pembeni kilichotokea. Siku hizi tunaandika programu ya pili ambayo kazi yake ni kuijaribu ile ya kwanza. Usiku, watu wamelala, programu hii ya pili hujifanya karani: humsajili mkulima wa kubuni, humpimia pamba ya kubuni, humlipa fedha za kubuni, na katika kila hatua huuliza kama kilichotokea ndicho kilichopaswa kutokea. Kikiwa ndicho, huandika mstari wa kijani. Kisipokuwa ndicho, huandika mstari mwekundu, nami asubuhi nakuwa na kazi kabla ya chai.

Programu ninayoizungumzia ilikuwa ya ununuzi wa pamba. Watu wakisikia mkoa wa Geita huwaza dhahabu, na ni kweli kwamba vijana wetu wengi wamekwenda kwenye maduara na wengine hawakurudi. Lakini Chato, iliyomegwa kutoka Biharamulo mwaka 2005 na kuingizwa katika mkoa mpya wa Geita mwaka 2012, bado ni nchi ya jembe na ya nyavu. Msimu wa ununuzi ukifunguliwa, mkulima huleta pamba mbegu ghalani, karani hutenganisha pamba safi na pamba fifi kwa kuwa bei zake si moja, mzigo hupimwa, stakabadhi hutolewa, na malipo hufuata kwa simu au benki. Ghalani utasikia Kisukuma, Kisubi, Kizinza na Kiha kwa wakati mmoja, na Kiswahili kikitumika pale wanapotaka kugombana kwa haki sawa.

Nilipoanza kazi hii, kila jaribio lilibeba ukaguzi wake ndani yake, kama msafiri anayetembea na jiko lake. Chukueni mfano wa namba ya simu. Namba ya Tanzania ina tarakimu kumi na huanza na sifuri; ukiiandika kwa mtindo wa kimataifa, sifuri huondoka na 255 huchukua nafasi yake. Kanuni nyepesi. Niliiandika katika jaribio la usajili, nikainakili katika jaribio la malipo, nikainakili tena katika lile la kurekebisha taarifa za mkulima, hadi nikawa na nakala kumi na saba. Katika baadhi yake nilikuwa nimeorodhesha, kwa kujionyesha tu, tarakimu za mwanzo za mitandao ninayoijua. Siku tulipoingiza namba inayoanza na 062, majaribio ya usajili yalisema namba ni halali na majaribio ya malipo yakasema ni batili. Nilitumia siku mbili kuzipitia nakala zangu mwenyewe, nikizitukana kana kwamba ziliandikwa na adui.

Namba ya kitambulisho cha taifa ilikuwa vivyo hivyo. Ina tarakimu 20, na nane za mwanzo ni mwaka, mwezi na siku ya kuzaliwa. Kwa hiyo mkulima aliyeandikwa kwamba alizaliwa mwaka 1961 hawezi kuwa na kitambulisho kinachoanza na 1916, ingawa karani aliyechoka saa kumi jioni anaweza kabisa kumpa. Ukaguzi huo pia niliuandika mara nyingi, kila mara kwa namna tofauti kidogo.

Dawa yake inajulikana kwa kila aliye katika kazi hii. Ukaguzi huandikwa mara moja, hupewa jina, huwekwa mahali pamoja, na kila jaribio linalouhitaji huuita kwa jina hilo. Kanuni ikibadilika, hubadilishwa pale pamoja tu, na majaribio yote mia mbili huamka na kanuni mpya. Sikupata neno la Kiswahili lililozoeleka kwa kitu hiki, nikaunda "kihakiki", wingi "vihakiki", kwa mfano wa kikokotoo na kinasa sauti. Najua wapo watakaosema kwamba ki- hiyo imechoka kwa kubebeshwa kila chombo kipya kinachoshuka bandarini. Waniletee lingine, nitalipokea.

Lakini nililipenda neno hilo kwa sababu ya ndugu yake. Sisi tunaosoma mashairi tunaita uhakiki ile kazi ya kulichambua shairi, kulipima, kuuliza kama linasimama. Watu wa vitambulisho na watu wa hesabu nao wana uhakiki wao: kuthibitisha kwamba jambo ni kweli. Neno moja linakaa katika nyumba mbili wala halilalamiki. Na mizani ni hivyo hivyo. Ghalani ni chombo cha kupimia mzigo. Katika shairi ni idadi ya silabi katika mshororo. Asili yake ni Kiarabu, na mi- ile ya mwanzo ni sehemu ya neno lenyewe la Kiarabu, lakini sikio la Kibantu lilipoisikia likadhani ni kiambishi cha wingi, likajizalia umoja wake, mzani. Makarani wote wa Chato husema mzani. Mimi husema mizani hii, kwa ukaidi wa mtu aliyesoma, na hakuna anayenijali.

Nilipoelewa vihakiki ndipo nilipokielewa upya kitabu nilichokuwa nacho tangu sekondari. Mwaka 1954 Kaluta Amri Abedi, mzaliwa wa Ujiji aliyekuja kuwa meya wa kwanza Mwafrika wa Dar es Salaam, alitoa Sheria za Kutunga Mashairi na Diwani ya Amri. Kanuni zenyewe hazikuwa zake. Washairi wa pwani walikuwa wamezibeba masikioni kwa karne nyingi. Muyaka bin Haji wa Mombasa, aliyefariki mwaka 1840, hakuhitaji kitabu kumwambia kina kimeanguka wapi. Lakini anayeibeba kanuni sikioni hawezi kumpa mtu aliye mbali naye. Mtu wa Biharamulo aliyekuwa akituma shairi kwenye Mambo Leo, gazeti lililoanza mwaka 1923, angelisubiri mhariri amkubali au amkatae, bila kujua kwa nini. Amri Abedi aliichukua kanuni, akaiandika mara moja, akaipa jina, akaiweka mahali pamoja. Tangu hapo mtu yeyote mwenye kitabu kile angeweza kuliita jina lile na kulijaribu shairi lake mwenyewe usiku, peke yake, kwa vidole vyake kumi. Mimi nilijifunza hivyo, mbali na bahari ya chumvi, na nitabaki na deni hilo.

Kwa hiyo haikuwa ajabu kwamba usiku mmoja, nikiwa nimechoka na pamba, niliamua kuandika kihakiki cha ushairi. Nilitaka kompyuta isome ubeti wa tarbia, ihesabu mizani nane katika ukwapi na nane katika utao, ilinganishe vina vya kati na vya mwisho, kisha iniandikie kijani au nyekundu. Vina vilikuwa kazi ya dakika chache. Mizani niliirahisisha: silabi ya Kiswahili huishia na irabu, basi hesabu irabu. Nikaipa ubeti huu, nilioutunga papo hapo kwa ajili ya jaribio bila kutia akili yoyote ndani yake:

Jua la leo ni zima, limetulia angani,
Na meza hii ni nzima, imekaa ukumbini,
Mkulima analima, jembe lake mkononi,
Na kisima ni kisima, maji yake kisimani.

Mashine ikakubali mshororo wa kwanza, wa pili na wa nne. Ikaukataa wa tatu, ule pekee wenye mtu ndani yake. Sababu mnaiona. Katika "mkulima" na "mkononi" ile m ya mwanzo ni silabi kamili isiyo na irabu, nami sikuwa nimeifundisha mashine hilo. Nikaongeza kanuni: m ikifuatwa na konsonanti, ihesabiwe. Sasa "mboga" ikawa na mizani tatu badala ya mbili. Nikaitoa b kwenye kanuni. Ndipo nilipokwama kwenye neno "mbaya". Tukisema "mtu mbaya", m ile ni kiambishi cha ngeli ya mtu na husimama peke yake: m-ba-ya, mizani tatu. Tukisema "habari mbaya", m imeshikana na b: mba-ya, mizani mbili. Herufi ni zile zile tano. Ili kuhesabu sawasawa, mashine lazima ijue neno lililotangulia ni la ngeli gani, na wakati mwingine neno hilo liko mshororo wa juu, au halikutajwa kabisa kwa kuwa kila msikilizaji analijua. Nilirekebisha nilichoweza nikaacha mengine. Mwishoni ubeti wangu wote ukapita, mistari yote ikawa kijani, na kisima kikaendelea kuwa kisima.

Nilikuwa nimepata, katika saa tatu za usiku, makosa yote mawili ambayo ukaguzi unaweza kuyafanya. Kwanza ulikikataa kitu kizima. Kisha ulipitisha kitu kisicho na uhai. Nilipoona hayo nilimkumbuka Euphrase Kezilahabi, mtoto wa Ukerewe, kisiwa cha ziwa letu hili hili, ambaye mwaka 1974 alitoa diwani ya Kichomi bila vina wala mizani ya mapokeo na kuwasha moto ambao haujazimika hadi leo. Miaka mingi nilikuwa upande wa waliomkasirikia. Usiku ule sikuhamia upande wake, lakini niliona alichokuwa akikitilia shaka.

Ningeishia hapo kama si mama wa daftari.

Wiki moja baada ya kicheko changu nilirudi ghalani kwa shughuli nyingine, nikamkuta tena. Hakusema neno. Alinipa daftari. Kulikuwa na safu mbili, moja kwa mwandiko wake na moja aliyoinakili kutoka kwenye stakabadhi. Mafurushi manne ya siku moja, alivyoyasoma yeye kwenye kioo cha mizani: 43.7, 38.9, 51.6, 46.8. Jumla kilo 181. Kwenye stakabadhi: 43, 38, 51, 46. Jumla kilo 178. Ukichukua bei ya Sh 1,200 kwa kilo, ile iliyotangazwa kwa msimu wa 2019, kilo tatu hizo ni Sh 3,600. Kwa anayepokea mshahara si fedha za kumnyima usingizi. Kwa aliyepalilia, akapiga dawa, akachuma kwa vidole na kubeba kichwani, ni sukari na sabuni ya wiki kadhaa, na zaidi ya hayo ni zake.

Nilikwenda kuitazama programu. Ilikuwa imeandikwa wakati wa mizani ya rula, karani alipokuwa akisoma mwenyewe na kuandika kilo nzima. Ilipokuja mizani ya kidijitali na kuunganishwa na kompyuta, kipimo kilianza kuingia chenyewe, na kilikuja na herufi za kilo nyuma yake. Ili kuziondoa herufi hizo, mwandishi wa programu alitengeneza kifungu kidogo cha maelekezo kinachosoma tarakimu moja moja na kusimama pale kinapokutana na kitu kisicho tarakimu. Kilifanya kazi vizuri sana. Kilisoma 4, kikasoma 3, kikakutana na nukta. Nukta si tarakimu. Kikasimama.

Mama alikuwa ameuliza swali lake kwa usahihi kuliko ripoti nyingi za makosa nilizozipokea katika maisha yangu ya kazi.

Hilo lilikuwa kosa la mwenzangu, na makosa ya namna hiyo ndiyo riziki yangu. Nipo ili niyaone. Kwa nini sikuliona? Nilikifungua kihakiki cha uzito, nilichokiandika kwa mkono wangu na kukitumia katika majaribio zaidi ya arobaini. Kilitakiwa kupokea kipimo cha mizani, kukokotoa malipo kwa njia yake, kisha kuyalinganisha na malipo ya programu. Lakini ili kupata kilo kutoka kwenye kipimo, nilikuwa nimeona kwamba programu tayari ina kifungu kizuri cha kusoma uzito, na kwa kuwa nilikuwa nimeapa kutoandika kitu mara mbili, nilikiazima. Kihakiki changu nacho kilisoma 4, kikasoma 3, kikasimama kwenye nukta. Programu ikasema kilo 43. Kihakiki kikasema kilo 43. Wakakubaliana, usiku baada ya usiku, katika majaribio arobaini na kitu, na mimi nikaamka kila asubuhi kwenye uwanja wa kijani.

Mwalimu wangu wa kwanza wa ushairi alikuwa na mwanafunzi aliyekuwa akitamka "mtu" kama "mutu", kwa lafudhi ya kwao. Akitunga, alihesabu mizani kwa vidole, na kila mara zilitimia, kwa sababu mkono uliohesabu ulikuwa ukimsikiliza mdomo ule ule uliotunga. Ukimpa neno "mboga" akalitamka "muboga", mshororo wake wa nane ulikuwa na saba. Tulimcheka. Hakuelewa tunachekea nini, maana alikuwa amehakiki.

Tangu siku ile nimekuwa nikijaribu kutenganisha mambo mawili niliyokuwa nimeyachanganya. Kanuni ya ukaguzi ni vyema iandikwe mara moja na itumike popote, hilo sijalikana. Lakini njia ya kuufikia ukweli lazima iandikwe mara mbili, na watu wawili ikiwezekana, wasioazimana chochote. Kihakiki kinachoazima jicho la kile kinachokikagua hakikagui, kinaitikia. Na kadiri kinavyotumika mahali pengi, ndivyo kuitikia kwake kunavyofanana na ukweli.

Baadaye nilimuuliza mama kwa nini anaandika. Alisema alifundishwa na baba yake, aliyehamia huku kutoka Usukumani na kulima pamba tangu ujana. Baba huyo alimwambia asiondoke kwenye mizani bila namba yake mwenyewe.

Neno lile lina historia. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 wakulima wa pamba wa Jimbo la Ziwa, Usukumani na Ukerewe, walikuwa wamechoka na mizani ya wanunuzi binafsi. Waliweka wapimaji wao, watu wa kuupima mzigo upya kwa niaba ya mkulima, ili namba ya mnunuzi ikutane na namba nyingine isiyotoka mkononi mwake. Katika vuguvugu hilo Paul Bomani na wenzake walijenga vyama vya ushirika, na mwaka 1955 vyama hivyo vikaungana kuwa Shirikisho la Vyama vya Ushirika vya Victoria, moja ya mashirikisho makubwa ya wakulima barani Afrika. Mizani ya pili ikawa imeshinda. Na kwa kuwa imeshinda, ikawa ndiyo mizani ya kwanza. Chama sasa kilikuwa mnunuzi, na hapakuwa na mwingine wa kupima nyuma yake. Kufikia mwaka 1966 malalamiko ya wakulima yalikuwa mengi kiasi kwamba kamati maalumu ya rais iliundwa kuvichunguza vyama vya ushirika. Mwaka 1976 vyama vikuu vikavunjwa. Mwaka 1982 sheria mpya ikavirudisha. Leo Wakala wa Vipimo hukagua mizani kila mwaka na kuitia alama, na mizani ya ghala lile ilikuwa na alama yake halali. Haikuwa na kosa lolote. Ilisema 43.7 kwa kila aliyekuwa tayari kusoma.

Niliitwa kwenye kikao cha bodi ya chama. Nilikuwa nimejiandaa kueleza kosa la programu, na njiani, kwenye pikipiki, nilifikiri kwamba ningeweza kuishia hapo. Kifungu kile hakikuwa changu. Hakuna mjumbe hata mmoja ambaye angeuliza kihakiki ni nini. Mwenyekiti alianza kwa kusema kwamba nukta ni jambo dogo. Nikasimama nikafanya hesabu ubaoni: tarakimu ya baada ya nukta inaweza kuwa chochote kati ya 0 na 9, wastani wake ni 4.5, kwa hiyo kila upimaji ulikuwa ukimnyang'anya mkulima karibu nusu kilo, yaani kama Sh 540 kwa bei ile. Zidisheni kwa mafurushi yote ya msimu. Chumba kikanyamaza. Mzee mmoja aliyekuwa karibu na mlango akauliza, "Kijana, si ulisema una mashahidi mia mbili wanaokesha? Hakuna hata mmoja aliyeona?"

Nikamwambia, "Mzee wangu, mashahidi wote niliwafundisha mimi, na mimi nilikuwa nimefunikwa macho na kitambaa kile kile."

Hakunikaripia. Alitikisa kichwa kama mtu aliyesikia habari anayoijua.

Kulipa kulikuwa kugumu kuliko kurekebisha. Kurekebisha kulichukua nusu saa. Lakini programu ilikuwa imehifadhi kilo nzima tu. Vipande vilivyokatwa havikuwekwa popote. Waliolipwa tofauti yao kamili ni wale ambao namba zao zilikuwepo kwenye karatasi: karani mmoja mkongwe alikuwa ameendelea na kitabu chake cha mkono kwa wiki kadhaa kwa kutoiamini mashine, na wakulima wachache walikuwa na madaftari. Wengine waliobaki walipewa kiasi cha makadirio baada ya mabishano marefu, na najua kwamba baadhi yao walipata pungufu. Hakuna namna ya kujua ni akina nani. Hilo bado linanikera, na sitaki mtu aniambie kwamba ni fedha ndogo.

Kihakiki cha uzito nimekiandika upya. Hakiazimi chochote kutoka kwenye programu inayokaguliwa. Na juu yake nimeweka jaribio moja lisilokokotoa kitu, kwa kuwa majibu yake yameandikwa humo kwa mkono, jinsi yalivyotoka kwenye daftari: 43.7, 38.9, 51.6, 46.8, jumla 181. Kila usiku mafurushi yale manne hupimwa tena kabla ya mengine yote, na yasipotimia, mengine hayaanzi. Nilimwomba mama ruhusa ya kuliita jaribio hilo kwa jina lake. Akakataa, akasema jina lake halina kazi humo ndani, niliite pamba. Ndivyo linavyoitwa.

Kihakiki changu cha tarbia bado ninacho. Nikitunga, hukiendesha, na kikikataa mshororo nausoma kwa sauti kwa mtu mwingine kabla ya kuugusa. Kikiukubali, nausoma pia.

Msimu uliofuata nilipita ghalani siku ya ununuzi. Mama alikuwa mizanini, daftari limefunguliwa, kalamu hewani. Karani, kijana mgeni, akasoma kwa sauti, "Arobaini na nne." Mama hakuandika. Karani akatazama kioo tena, akamtazama yeye.

"Nukta mbili," akamalizia.

Ndipo alipoandika.